Dhahabu Inasifiwa, Utando Ndio Unaofanya Kazi

Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria, kile ambacho wahudumu wa zahanati hukiita mRDT, mara nyingi ni dhahabu. Si wino, wala si damu ya mgonjwa. Ni chembe za dhahabu zenye kipenyo cha nanomita 40 hivi, ndogo kiasi kwamba zinahitajika 25,000 kwenye foleni ili kufikia milimita moja, zilizokusanyika mahali pamoja mpaka jicho likaziona. Dhahabu ikishakuwa ndogo hivyo huacha unjano wake: hunyonya mwanga wa kijani, na kinachobaki kuonekana ni wekundu. Madini hayohayo, yakiwa katika chembe za nano vilevile, yamekuwa yakipitishwa kwenye mishipa ya wagonjwa wa saratani katika majaribio ya hospitali za Marekani tangu miaka ya 2000. Kipimo kimeenea hadi vijiji visivyo na umeme. Dawa ya mshipani bado iko kwenye majaribio.

Tofauti hiyo inataka maelezo, na maelezo yanayotolewa kwa kawaida, kwamba mwili wa binadamu ni mgumu kuliko kipande cha karatasi, ni ya kweli lakini hayatoshi. Makala haya yanashikilia kwamba katika tiba dhahabu yenyewe ni sehemu ndogo ya habari. Kinachoamua kama chembe itafanya kazi, itanasa njiani au itadhuru ni utando, yaani tabaka jembamba la molekuli linaloifunika. Na ukiyapitia mafanikio na maanguko ya miaka mingi utaona mwelekeo mmoja: utando hufaulu pale unapopewa kazi moja kwa muda mfupi, na hukwama pale wabunifu wanapoubebesha kazi tano na kuutaka udumu siku nzima ndani ya damu. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse aliyeshikishwa tano.

Kwanza, kwa nini dhahabu ivikwe chochote? Jibu lilianza kupatikana London zamani sana. Mwaka 1857 Michael Faraday, akifanya kazi Royal Institution, alitengeneza kimiminika chekundu cha dhahabu akaeleza kwamba wekundu ule unatokana na chembe za dhahabu zilizotawanyika, ndogo mno kuonekana kwa darubini za wakati wake. Baadhi ya chupa zake zimehifadhiwa hukohuko mpaka leo. Aliona pia kwamba ukitia chumvi, wekundu hugeuka kuwa bluu na baadaye dhahabu hutuama. Sababu tunaijua sasa. Chembe hizo huepukana kwa kuwa zote zina chaji hasi; chumvi huififisha chaji hiyo, chembe zikagandamana, na zikishagandamana hunyonya mwanga kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkemia Richard Zsigmondy, mzaliwa wa Vienna, aliligeuza tukio hilo kuwa kipimo. Alichukua mililita 10 za dhahabu nyekundu, akatia mililita moja ya maji yenye chumvi asilimia 10, akauliza: ni miligramu ngapi za gelatini, gundi au protini nyingine zinazohitajika ili rangi isibadilike? Gelatini ilitosha kwa kiasi cha takriban sehemu moja ya mia ya miligramu. Kipimo hicho kiliitwa namba ya dhahabu, na Zsigmondy alipata Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925. Ukitafakari, namba ile haikupima dhahabu hata kidogo. Ilipima kinachoifunika.

Damu ina chumvi. Maji ya kawaida ya dripu yana gramu 9 za chumvi kwa lita, na hizo zinatosha kuiangusha dhahabu isiyolindwa. Chukua ile inayotengenezwa kwa njia ya John Turkevich ya mwaka 1951, ambayo wanafunzi wa kemia bado huanza nayo: chumvi ya dhahabu huchemshwa, ikatiwa sitireti, ambayo ni chumvi ya asidi ileile iliyomo kwenye limau, na baada ya dakika chache kimiminika hugeuka kuwa chekundu safi chenye chembe za nanomita 15 hadi 20. Sitireti huzizunguka chembe na kuzipa chaji. Ni utando, lakini wa kushikizwa tu. Imimine dhahabu hiyo kwenye mfuko wa dripu nayo itageuka bluu kabla haijauona mshipa wa mtu. Kwa hiyo hakuna mjadala kama dhahabu ya tiba ivikwe au isivikwe. Mjadala ni ivikwe nini, na kwa kazi ipi.

Kwenye mRDT kazi hiyo ni moja: kuinasa protini ya kimelea, iitwayo kwa kifupi HRP2, inayotolewa na Plasmodium falciparum. Kiwandani uchachu wa kimiminika chekundu hurekebishwa mpaka kingamwili zinazoitambua HRP2 zing'ang'anie juu ya dhahabu zenyewe. Nafasi zilizobaki wazi huzibwa, mara nyingi kwa albumini ya ng'ombe, zisije zikanasa kila protini inayopita. Kisha mchanganyiko huongezewa sukari na kukaushwa kwenye kipande cha pedi ndani ya kaseti. Sukari hiyo ina akili zaidi kuliko inavyodhaniwa: inashika umbo la protini wakati maji yanaondoka, halafu inayeyuka upesi bafa, yaani kimiminika cha kipimo, inapofika. Tone la damu na matone ya bafa yakishatiwa, chembe husafiri juu ya karatasi ya nitroselulosi, na kama HRP2 ipo zinakamatwa kwenye mstari wa T. Dakika 15 au 20 baadaye jibu linasomwa na kaseti inatupwa.

Angalia utando huu haukuulizwa nini. Haukuulizwa uvumilie saa 24 za mzunguko wa damu, haukuulizwa ulikwepe ini, haukuulizwa uachilie dawa mahali fulani, wala hakuna anayejali utaishia wapi baada ya dakika ya 20. Ndiyo maana, tangu Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, kifaa hiki kimeweza kubebwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii kutoka Kigoma hadi Kivu bila maabara wala umeme. Hata hivyo, kazi hiyo moja nayo ina gharama yake, na gharama yenyewe inathibitisha hoja. Katika mpango wa kupima ubora wa vipimo hivi ulioanza mwaka 2008, bidhaa ziliwekwa kwa miezi miwili kwenye joto la nyuzi 35 na nyuzi 45, na baadhi zilipoteza nguvu. Dhahabu haina habari na nyuzi 45. Kilicholegea ni protini, zile zilizo juu ya chembe na zile zilizopakwa kwenye mstari. Huko Eritrea ushahidi ukawa wazi zaidi. Vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2 vilienea kiasi kwamba wagonjwa wenye malaria walikuwa wakipata jibu la kutokuwa nayo, na mwaka 2016 nchi hiyo ikahamia kwenye vipimo vinavyotafuta protini nyingine ya kimelea. Haikubidi kuvumbua rangi mpya wala karatasi mpya. Kilichobadilishwa ni kingamwili.

Sasa tuhamie mshipani. Chembe inayotumwa kutafuta uvimbe wa saratani hutarajiwa isigandamane, isionwe na kinga ya mwili, ibebe dawa, iitambue seli ya saratani, na ikishaitua mizigo itoke mwilini bila madhara. Kazi zote hizo hupangwa kwenye eneo dogo mno. Hesabu ni rahisi: chembe yenye kipenyo cha nanomita 27 ina uso wa takriban nanomita mraba 2,300. Tukikadiria kwamba kila mnyororo wa kinga unakalia nanomita mraba moja, kuna nafasi 2,300 tu, na kila kingamwili inayopandikizwa hufukuza makumi ya minyororo. Ukiongeza kinachotambua saratani, umepunguza kinachoificha chembe. Ukiongeza dawa, umepunguza vyote viwili. Michoro ya kupendeza inayoambatana na taarifa za utafiti, ile yenye mpira wa njano uliozungukwa na vifaa vya kila rangi, haionyeshi ushindani huu wa nafasi, na nadhani imewapotosha wengi, wakiwemo watoaji wa fedha.

Mnyororo unaotumika zaidi kuificha chembe ni polietilini glikoli, au PEG, molekuli ndefu inayopenda maji na ambayo ipo pia kwenye dawa za kulainisha choo na kwenye krimu za ngozi. Ncha yake moja huwekewa salfa, kwa kuwa salfa na dhahabu hushikana vizuri. Mathias Brust, David Schiffrin na wenzao wa Liverpool walionyesha mwaka 1994 jinsi ya kutengeneza chembe zinazolindwa kwa namna hiyo, na tangu hapo njia hiyo imekuwa msingi wa fani nzima. Tatizo ni kwamba mwili nao una salfa. Ndani ya seli kuna glutathioni, molekuli ndogo yenye salfa, kwa wingi unaozidi ule wa kwenye plazima ya damu kwa mara mamia. Inapokutana na dhahabu iliyovikwa PEG, huanza kuiondoa minyororo mmoja baada ya mwingine na kukaa mahali pake. Kilichoshikwa kwa salfa huachishwa kwa salfa. Kwa dawa inayotakiwa kuachiliwa ndani ya seli hiyo ni neema, na wapo waliobuni utando kwa kuitegemea. Kwa utando unaotakiwa kudumu, ni saa inayohesabu kurudi nyuma.

Kuna jambo linalotangulia hata hilo. Chembe yoyote ikiingia kwenye damu, protini huivamia papo hapo na kuunda tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2007 kundi lililowajumuisha Kenneth Dawson wa Dublin na Sara Linse wa Sweden lilianza kulieleza tabaka hilo kwa vipimo na likalipa jina la korona, yaani taji. Maana yake ni kwamba seli za mwili hazikutani na utando uliobuniwa na mkemia. Zinakutana na taji. Mwaka 2013 kundi la Dublin lilionyesha madhara yake kwa chembe za silika zilizovikwa transferini, protini ambayo seli za saratani huipokea kwa wingi: kwenye maji safi ya maabara zilizipata seli zake bila shida, lakini zilipowekwa kwenye majimaji ya damu taji liliifunika transferini na uwezo wa kulenga ukapotea. Zilikuwa silika, si dhahabu, lakini taji halibagui hivyo.

Baada ya taji huja ini. Humo mna seli za Kupffer, ambazo kazi yake ni kuokota takataka kwenye damu, na kwa upande wao chembe iliyosheheni protini ni takataka. Kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto lilipitia tafiti za wanyama zilizochapishwa katika kipindi cha miaka kumi na mwaka 2016 likatoa jibu lililowakera wengi: kwa wastani wa kati, ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndizo zilizoufikia uvimbe. Wataalamu wa famasia walipinga, wakisema kwamba hata dawa za kawaida za saratani hazifiki kwenye uvimbe kwa asilimia kubwa na bado zinatibu. Pingamizi hilo ni la haki kwa dawa inayovunjwavunjwa na kutoka. Kwa dhahabu nguvu yake hupungua, kwa sababu asilimia 99 iliyobaki haivunjwi kirahisi. Katika utafiti mmoja wa panya uliochapishwa mwaka 2009, chembe za nanomita 40 zilipoingia kwenye ini zilikaa humo. Miezi sita baadaye kiasi cha dhahabu kilikuwa kimepungua kwa asilimia 9 tu.

Hapa msomaji anaweza kusimamisha hoja yangu kwa hoja. Kama taji la protini linafunika kila kitu, je, utando una umuhimu gani? Si heri kukubali kwamba damu ndiyo inayoamua? Lingekuwa pingamizi la kuua kama taji lingekuwa lilelile kila mara, lakini sivyo. Aina na wingi wa protini zinazoganda hutegemea kilichopo chini yake. Kundi la Chan lilionyesha mwaka 2012, kwa dhahabu yenyewe, kwamba kadiri PEG inavyosongamana ndivyo protini zinavyopungua. Kisha mwaka 2016 watafiti wa Mainz, Ujerumani, wakaongeza jambo ambalo wachache walilitarajia. Chembe zao, ambazo hazikuwa za dhahabu, zilipovikwa PEG hazikuwa zikijificha kwa kukosa protini. Zilikuwa zikijificha kwa kuvutia protini fulani, hasa klasterini. Bila protini hizo, seli za kinga zilizimeza. Yaani utando mzuri hauzuii taji. Unalichagua. Hilo halipunguzi umuhimu wa utando, bali linaueleza upya, na linatufundisha kuuliza swali la kawaida kabisa mbele ya kila chembe mpya: imejaribiwa kwenye damu, au kwenye maji?

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuna matibabu ambayo dhahabu ndiyo inayotibu, si utando. Mfano maarufu ni magamba ya nano yaliyobuniwa na Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo Kikuu cha Rice: kiini cha silika chenye nanomita 120 hivi, gamba la dhahabu lenye unene wa nanomita 15, na PEG juu yake. Gamba hilo hunyonya mwanga wa infraredi ambao damu na nyama huupitisha, likapata joto linaloua seli zilizo jirani. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume isiyo kali. Walipewa chembe kwa njia ya mshipa, na siku iliyofuata nyuzi za leza zikaingizwa kwenye eneo la uvimbe. 15 kati yao walikamilisha matibabu. Joto ni la dhahabu, sikatai. Lakini tazama jinsi kazi zilivyogawanywa. PEG iliachiwa jambo moja, kuziweka chembe zikielea mpaka sehemu ndogo yake ipenye kwenye mishipa dhaifu ya uvimbe. Kulenga kulifanywa na leza na mkono wa daktari. Hakukuwa na kingamwili ya kutafuta saratani wala mlango wa kuachilia dawa. Dhahabu ilipata nafasi ya kufanya kazi kwa sababu utando haukubebeshwa mizigo.

Mfano mwingine unaenda upande huohuo. TNF ni protini ya kinga inayoweza kuua uvimbe, ila ikidungwa peke yake huporomosha shinikizo la damu kwa kiwango cha hatari. Kampuni ya CytImmune iliipandikiza juu ya chembe za dhahabu za nanomita 27 pamoja na PEG, na mwaka 2010 daktari Steven Libutti na wenzake walichapisha matokeo ya awamu ya kwanza kwa wagonjwa 30. Walivumilia dozi zilizofikia mara tatu ya kiasi cha TNF kilichowezekana kabla, na dhahabu ilionekana ndani ya uvimbe. Kwa wengi wao saratani haikurudi nyuma, na majaribio ya aina hiyo hayakuwa na lengo hilo, yalitafuta usalama. Somo la utando lilikuwa kwamba sumu ya TNF inaweza kudhibitiwa kwa kuibana mahali pamoja. Hilo ni jambo kubwa, na ni jambo moja.

Atakayetaka kunipinga kwa nguvu atataja NU-0129 ya Chuo Kikuu cha Northwestern. Ni chembe ya dhahabu iliyosimamishiwa nyuzi fupi za RNA kwa msongamano mkubwa, kwa ufundi uliotokana na kazi ya Chad Mirkin tangu 1996. Nyuzi hizo huzima jeni inayousaidia uvimbe hatari wa ubongo uitwao glioblastoma usife. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2021, wagonjwa wanane walipewa dripu yake kabla ya upasuaji, na dhahabu ilikutwa ndani ya uvimbe, ng'ambo ya kizuizi kinachoulinda ubongo na ambacho dawa nyingi hazikipiti. Je, hapa utando haukufanya kazi nyingi kwa mpigo: kulinda, kupenya, kutibu? Ulifanya. Lakini haukuzifanya kwa kugawana nafasi. Uzi uleule wa RNA ndio kinga, ndio tiketi ya kuingia kwenye seli, na ndio dawa. Tatizo nililolieleza ni la nafasi 2,300 zinazogombewa na molekuli za aina tano; ukipata molekuli ya aina moja yenye vipaji vitatu, ugomvi unaisha. Mifano ya namna hiyo ni michache, na wagonjwa wanane ni mwanzo tu, ila kama ningeulizwa pa kutafuta, ningeelekeza huko.

Wapo waliochukua njia ya kinyume kabisa, dhahabu isiyo na utando. Kampuni ya Clene hutengeneza fuwele za dhahabu ambazo uso wake, kwa maelezo yake, hauna kemikali za kuzifunika, na wagonjwa huzinywa kama kimiminika. Zilijaribiwa kwa ugonjwa wa ALS unaodhoofisha misuli, na mwaka 2022 ikatangazwa kwamba lengo kuu la jaribio halikufikiwa, ingawa kampuni imeendelea kushikilia dalili ilizoziona kwenye vigezo vingine. Sitalibebesha jaribio moja mzigo wa kuthibitisha hoja yangu. ALS imezishinda dawa nyingi zisizo na dhahabu. Ninachosema ni kwamba uchi huo una mwisho. Chembe ikishakutana na majimaji ya tumbo na damu huvikwa. Asiyeuchagua utando amemwachia mgonjwa auchague, na kila mgonjwa ana protini zake.

Hilo linanipeleka kwenye mwarobaini. Mwaka 2004 watafiti wa Pune, India, walionyesha kwamba maji ya majani ya mwarobaini yanaweza kugeuza chumvi ya dhahabu kuwa chembe, na mwaka 2007 Kattesh Katti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri wakatumia gundi ya mgunga wa Sudan kuzilinda. Tangu hapo yamekuja mafuriko ya tafiti za majani, maganda na mizizi, na yanapendwa kwenye nchi zetu kwa sababu malighafi ipo na kemikali ghali hazihitajiki. Sibezi. Gundi ya mgunga ni kinga nzuri, na ina ndugu kwenye orodha ya zamani ya Zsigmondy. Ila kwa dawa ya mshipani kuna kasoro ambayo sifa ya kuwa asilia haiifuti: maji ya majani ni mchanganyiko wa molekuli nyingi, na mchanganyiko huo hubadilika kwa udongo, kwa msimu na kwa umri wa jani. Chembe za Januari zinaweza kuwa na utando tofauti na za Julai. Kama utando ndio dawa, mtengenezaji huyo hajui dawa yake ni ipi. Kwa kipimo cha kupaka kwenye karatasi, ambapo kila fungu linaweza kujaribiwa na kutupwa, kazi hiyo ina nafasi, na ningependa fedha ziende huko kwanza.

Na mtu asidhani kwamba kuwa na migodi ya dhahabu ya Geita au Kahama kunatupa mwanya wowote katika biashara hii. Lita nzima ya kimiminika cha Turkevich ina dhahabu kama miligramu 50. Bei ya mRDT haimo kwenye madini. Imo kwenye kingamwili, kwenye sukari iliyochaguliwa vizuri, kwenye udhibiti wa unyevu, kwenye mikono iliyozoea kufanya jambo lilelile mara milioni bila kukosea. Nchi inayotaka kuingia humo ianzie kwenye wataalamu wa protini kabla ya kwenda mgodini.

Swali la usalama nalo linajibiwa na utando kuliko dhahabu. Ni kawaida kusikia kwamba dhahabu haina sumu, na watu hunyoosha kidole kwenye pete na meno. Lakini fimbo za nano za dhahabu, zinazopendwa kwa kunyonya infraredi, kwa kawaida hukuzwa ndani ya kemikali ya jamii ya sabuni iitwayo CTAB. Tafiti za mwaka 2009 zilionyesha kwamba sumu iliyokuwa ikihusishwa na fimbo hizo ilitokana kwa sehemu kubwa na CTAB iliyobaki kwenye maji. Ikioshwa na fimbo kuvikwa polima nyingine, seli zilistahimili. PEG nayo si malaika. Mwaka 2014 jaribio kubwa la dawa ya kuzuia damu kuganda, iliyounganishwa na PEG, lilisimamishwa kwa sababu ya mzio mkali, na uchunguzi ukaelekeza kwa wagonjwa waliokuwa tayari na kingamwili dhidi ya PEG. Molekuli iliyochaguliwa kwa sababu kinga haiioni, kwa baadhi ya watu, kinga inaiona.

Kwa hiyo faili la dawa ya dhahabu litakapofika siku moja mezani kwa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, jijini Dodoma au kwa Bodi ya Famasi na Sumu ya Nairobi, ukubwa wa chembe na usafi wa madini ni maswali ya ukurasa wa kwanza tu. Chembe mbili za ukubwa mmoja zenye utando tofauti zihesabiwe dawa mbili. Itasemwa kwamba hilo litaongeza gharama na kuchelewesha. Litachelewesha, ndiyo, lakini ucheleweshaji huo ni mdogo ukilinganishwa na kugundua baada ya dozi ya pili kwamba mwili wa mgonjwa umeshautambua utando.

Limebaki fumbo ambalo bado halijafumbuliwa, la kutoka. Figo huchuja vitu vyenye kipenyo kisichozidi nanomita 5.5 hivi. Mwaka 2011 kundi la Jie Zheng huko Texas lilitengeneza chembe za dhahabu za nanomita 2 zilizovikwa glutathioni, ileile inayovuruga PEG ndani ya seli, na zaidi ya nusu ikatoka kwa mkojo wa panya ndani ya siku moja. Utando mwingine kwa ukubwa unaokaribiana na huo haukufanya hivyo. Ila chembe ya nanomita 2 haina ule wekundu, na haipati joto kwa leza kama gamba la nano linavyopata. Kuna ishara nyingine kutoka Paris: mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba seli za binadamu kwenye maabara zinaweza, kwa miezi kadhaa, kuiyeyusha dhahabu polepole, hasa chembe ndogo, kisha kuijenga upya kwa umbo jingine. Kwa sasa dhahabu inayofanya kazi haitoki, na inayotoka haifanyi kazi nyingi. Pendekezo linalojaribiwa sana ni kuzifunga chembe ndogo pamoja kwa utando utakaofumuka baada ya tiba ili figo zizipitishe moja moja. Hiyo, bila shaka, itakuwa kazi ya sita.